Sanduku Kutoka Ng'ambo
Sehemu ya Tisa

Wasomaji wangu, nianze na kosa langu kabla hamjanipigia tena.

Wiki iliyopita niliandika kwamba sanduku la marehemu Sixbert lilibebwa na wanaume wanne, tena wakihema, kutoka stendi mpaka nyumbani kwa Eufrasia kule Ruhuwiko. Gazeti halijamaliza hata siku mtaani, simu ikaanza kuita. Mama mmoja wa Mfaranyaki, ambaye aliwahi kuhamisha kaburi la mume wake, aliniuliza kama nimewahi kuona mifupa ya mtu aliyekaa ardhini miaka kumi na moja. Nikasema sijawahi. Akasema inaonekana. Mifupa ya namna hiyo, akaniambia, unaibeba kwapani kama redio, na mkono wa pili unashika mwavuli.

Basi nimekosea. Nilitaka mambo yaonekane mazito. Namwomba radhi mama yule, na wale wanaume wanne niliowatoa jasho la bure.

Ukweli ni kwamba sanduku lilibebwa na mtu mmoja tu. Mzee Ildefonsi, baba yake Sixbert, miaka sabini na mbili, goti moja bovu. Alilipakata kwenye basi kutoka Mbamba Bay mpaka Songea. Konda alipomwambia aliweke juu na mizigo mingine, mzee alimtazama tu, mpaka konda mwenyewe akaona ana kazi nyingine kule nyuma. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa.

Hilo lishikeni, maana leo tutalihitaji.

Na wewe uliyekutana nasi leo kwa mara ya kwanza, labda kwa sababu gazeti hili limekuja limefunga maandazi yako, nakupa mambo kwa ufupi kabla chai haijapoa.

Eufrasia ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Aliolewa katika kijiji kidogo cha Ziwa Nyasa, kinachotazamana na mji wa Mbamba Bay. Kina jina lake kwenye makaratasi ya serikali, lakini watu wa mjini wanakiita Ng'ambo, kwa sababu kiko ng'ambo ya bandari. Watu wa Ng'ambo wanaona taa za mji kila jioni. Wanajua meli imefika kabla mjini hawajajua. Lakini ukitaka chumvi, ukitaka daktari, ukitaka kuoa mtu asiye binamu yako, lazima uvuke maji kwa mtumbwi.

Miaka kumi na moja iliyopita Sixbert alimvusha mke wake akiwa na uchungu. Akamwacha hospitali, akarudi Ng'ambo kuchukua mablanketi na kumchukua mama yake. Hakuonekana tena. Kesho yake mtumbwi wake ulikutwa umejigeuza kwenye mawe. Usiku ule ule Eufrasia alipasuliwa, akazaliwa Fausta.

Baada ya wiki wakwe walikuja wodini wakamwambia Sixbert alipatikana, wameshamzika.

Mwaka huu ziwa limepanda, likaanza kula makaburi ya Ng'ambo moja baada ya jingine. Kijiji kikakubaliana kuwahamishia marehemu wote juu, mlimani. Eufrasia akaomba wa kwake aletwe Songea. Alisema kila Novemba amekuwa akimfuata yeye, safari hii mwanaume naye apande basi.

Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Turubai limefungwa uani, viti vimepangwa, kaburi fupi limechimbwa makaburini, katekista ameshavaa kanzu yake nyeupe. Bwana afya akasema anaomba sanduku lifunguliwe kidogo ili asaini karatasi. Mzee Ildefonsi akasimama mbele ya meza, akatandaza mikono kama kipa.

"Hili sanduku halifunguliwi," alisema.

Hapo ndipo nilipowaacha. Haya, tuendelee.

Bwana afya alikuwa kijana anaitwa Jordan, mtu wa Singida, mwaka wake wa pili Songea, na baridi ya Julai ilikuwa bado inamshangaza. Alimwamkia mzee shikamoo kwa mara ya pili, kwa adabu, akaeleza. Makaburi yaliyohamishwa kule kule kijijini yalisainiwa kwa jumla. Lakini mwili unaotoka wilaya moja kwenda nyingine una karatasi yake, na karatasi hiyo inasema afisa aone kwa macho. Hatashika kitu. Ni nusu dakika.

Mzee hakushusha mikono.

Ndipo Saada alipotoka jikoni na mwiko wake. Saada ni jirani, mzaliwa wa Namasakata kule Tunduru. Mwaka ule Eufrasia alipofika Songea na mtoto mgongoni, ndiye aliyempa chumba. Chakula cha msiba kwa Eufrasia hakipikwi na mtu mwingine.

"Bwana afya," Saada alisema, "huyu mtu amekufa wewe hujaota ndevu. Leo ndiyo unataka kuhakikisha kama amekufa?"

Watu wakacheka chini ya turubai. Jordan naye akajishika kidevu, na kwa kweli mambo hapo kidevuni yalikuwa bado hayajawa mengi.

Lakini hakuondoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba asiposaini, katekista haruhusiwi kuzika, na sanduku litabidi lirudi lilikotoka.

Mpaka hapo Eufrasia alikuwa upande wa mkwe wake. Alidhani mzee anakataa kwa heshima, kwamba mifupa ya mwanawe isitazamwe na mtu asiyejua hata sura yake. Ila neno la kurudi lilimgutua.

"Lirudi wapi?" aliuliza. "Pale alipokuwa pameshakuwa maji. Wenzake wameshapelekwa mlimani. Arudi wapi sasa?"

Alimgeukia mkwe wake.

"Lifunguliwe, Baba," alisema. "Mimi siogopi mifupa ya mume wangu."

Wasomaji, mzee alishusha mikono. Aliishusha polepole, kama mtu anayetua ndoo mbili. Akasema, Mama Fausta, twende ndani kwanza, mimi na wewe.

Na kwa mara ya kwanza tangu Ng'ambo, aliliacha sanduku mezani akaondoka.

Waliingia chumba cha cherehani. Kulikuwa na sare za bluu zimening'inia ukutani, sketi na kaptula, kama darasa zima limesimama linasikiliza. Eufrasia alimvutia kiti. Mzee akakataa, akakaa juu ya kiroba cha vipande vya vitambaa, akavua kofia, akaiweka sakafuni.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja la watu wa Ng'ambo, la sivyo hamtanielewa.

Kule maji yakimchukua mtu na yasimrudishe, wanangoja siku saba. Siku ya saba wanakata mgomba. Mke wa marehemu anachukua kamba, anapima kimo cha mume wake kama anavyokikumbuka, na mgomba unakatwa kwa kamba ile. Unavalishwa nguo zake. Unaombewa sala zote, unazikwa, na baada ya hapo hakuna anayesema mgomba tena. Wanasema jina la mtu. Hakuna anayedanganywa hapo, kwa sababu mke anajua, kamba ilikuwa mkononi mwake. Kijiji kizima kinajua. Kila mmoja anabeba kidogo.

Sasa siku ya saba Eufrasia alikuwa wapi? Alikuwa ng'ambo ya maji, wodini, na nyuzi tumboni.

Mzee alimweleza yote bila kumtazama. Alisema hawakumpata. Walizunguka mawe yote, walikwenda mpaka vijiji vya kusini, wapi. Siku ya saba ikafika, kijiji kikauliza kamba iko wapi. Mama yake Sixbert akasema yule mtoto wa watu amepasuliwa, mkimwambia maziwa yatakauka, mwacheni anyonyeshe.

"Tulisema kidonda kikipona tutakwambia," alisema mzee. "Kidonda kikapona, tukakuta umeanza kucheka na mtoto. Nani angekuja kukwambia? Halafu mtoto akaacha kunyonya. Halafu ukahamia huku. Halafu akafa yeye mwenyewe aliyesema tungoje. Nikabaki mimi."

Eufrasia alikuwa ameshika ukingo wa cherehani.

"Na kamba alishika nani?"

"Haikuwepo kamba. Mimi na Sixbert tulikuwa kimo kimoja. Nililala chini kwenye majani, wakaulaza mgomba pembeni yangu, wakakata."

Nje, vijiko vilikuwa vinahesabiwa. Saada alisikika akimwambia mtu kwamba wali ukiungua leo atamzika na yeye.

Eufrasia hakulia. Nimeandika sehemu nane za hadithi hii, nimemliza mara tano, na ningemliza hapa kama angekubali. Hakukubali. Alikaa kwenye kiti alichokuwa amemvutia mzee, akaanza kuhesabu kwa vidole, kama anavyohesabu mita za kitambaa.

Alihesabu safari zake. Kila Novemba alipanda basi mpaka Mbamba Bay, akavuka, akakaa pembeni ya kaburi lile siku nzima akitoa habari. Fausta ameota jino. Fausta ametembea. Fausta ana pua yako, samahani lakini ndivyo ilivyo. Nimenunua cherehani. Nimenunua ya pili. Fausta amekuwa wa tatu darasani na waliomtangulia wote wawili wanavaa miwani.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na mgomba," alisema.

Mzee Ildefonsi ni mtu mkweli, na mtu mkweli akiamua kuanza, hajui mahali pa kuishia. "Hata mgomba haukuwepo, mwanangu," alisema. "Ule uliisha mwaka ule ule wa kwanza."

Mnamkumbuka Eric? Fundi umeme, yule wa sehemu ya nne. Mtu mpole, aliyemtengenezea Eufrasia taa za nyumba nzima, halafu akawa anarudi kila Jumapili kuzikagua kama bado zinawaka. Mwaka wa sita alimwomba amuoe. Eufrasia alimwambia ampe wiki moja. Akapanda basi, akavuka maji, akakaa kaburini tangu asubuhi mpaka mtumbwi wa mwisho, akimwomba Sixbert ruhusa. Akangoja ishara yoyote ile, hata upepo. Hapakuwa na kitu. Akarudi Songea akamwambia Eric haiwezekani.

Eric sasa yuko Namtumbo, ana mke na watoto watatu, na taa zake zinawaka.

"Nilimkataa Eric kwa sababu mgomba ulinyamaza," alisema Eufrasia. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, cha pembeni ya mdomo. Mzee akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

Mlango ukasukumwa kwa kiwiko.

Alikuwa Fausta, amevaa gauni jeupe ambalo mama yake alilishona wiki nzima kwa ajili ya siku hii. Mikononi alikuwa amekumbatia sanduku.

"Mama, katekista anauliza," alisema. "Nimemleta Baba. Si mzito." Akafikiri. "Ila anagonga humo ndani."

Akalitikisa kidogo waone. Ko, ko.

Mtoto huyu, wasomaji, hajawahi kubebwa na baba yake hata hatua moja. Asubuhi ile alikuwa ameomba aruhusiwe yeye ambebe, angalau kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, na babu yake alikataa. Sasa alikuwa amesimama pale amenyoosha mgongo, uso umejaa fahari.

Mama yake alilipokea sanduku. Alimwambia akamsaidie Mama Saada kupanga sahani. Fausta alipotoka, alimgeukia mzee.

"Humu kuna nini?"

Kuna kafi, alisema mzee. Kafi la Sixbert la kupigia maji, ambalo ziwa lililitupa ufukweni siku tatu baada ya mtumbwi. Alilikata vipande viwili ili litoshe. Na kuna vile walivyookota kaburini walipochimba, nguo zilizobaki. Aliona sanduku likiwa na nguo tupu litapepea mikononi mwa watu. Ndiyo maana hakutaka mtu alibebe.

Halafu akamshika mkono mkwe wake, jambo ambalo wakwe wa Ng'ambo hawalifanyi. Alimwomba lizikwe hivyo hivyo. Bwana afya apewe sababu yoyote, aambiwe ni mila, aambiwe babu amechanganyikiwa, yeye yuko tayari kuchanganyikiwa mbele ya watu wote. Mtoto apate mahali pa kukaa na baba yake.

Na hapa Eufrasia angeweza kukubali. Ungekubali wewe? Mimi ningekubali. Chakula kiko tayari, katekista amevaa, mtoto ana gauni jipya. Ukinyamaza dakika kumi tu, unabaki na mume.

Alipangusa vumbi juu ya sanduku kwa upindo wa kanga.

"Sitaki mwanangu aongee na kafi miaka kumi na moja," alisema. "Niitie huyo kijana."

Jordan aliingia na faili lake. Nyuma yake akaingia Saada ambaye hakuitwa, na mwiko, akafunga mlango kwa kisigino. Eufrasia aliwaambia kwa sentensi mbili. Saada akasema innalillahi, akaketi juu ya sare zilizokunjwa, na fundi mwenyewe hakumwambia ainuke.

Misumari ilikuwa minne, midogo. Jordan aliing'oa kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Akafungua kifuniko akaangalia. Vipande viwili vya mti, vyeupe kwa maji. Mchanga kidogo. Kitambaa kimekunjamana, rangi ya udongo.

Alitazama muda mrefu kuliko nusu dakika aliyoahidi. Halafu akafunga faili.

"Mama," alisema, "hii karatasi yangu ni ya mabaki ya mtu. Nguo hazina karatasi. Mnaweza kuzika sasa hivi, popote mnapotaka, na mimi sijaona cha kuzuia." Alifikiri, akaongeza kwamba kama hawatajali, angependa kubaki mpaka mwisho.

Saada alimtazama kijana yule kana kwamba ameota ndevu pale pale mbele yake.

Mzee Ildefonsi alianza kulia. Alilia kwa sauti ya mtu ambaye hajafanya mazoezi, mikwaruzo tu. Alisema asante, asante mwanangu, hakujulikana anamwambia nani. Lilikuwa limekwisha. Eufrasia alisema atatoka nje mwenyewe awaambie watu ukweli wanazika nini, halafu atamwambia Fausta, leo leo, kabla ya chakula. Kamba ambayo hakushika siku ile angeishika leo.

Na kweli lingeishia hapo, na mimi ningewaaga, ningetafuta hadithi nyingine. Tatizo ni kwamba Eufrasia ni fundi. Fundi haachi nguo imekunjamana.

Alilitoa shati sandukuni alikunje vizuri kabla ya kulirudisha. Lilikuwa limebaki kola, kifua na bega moja. Pamba huoza, lakini tetroni, kitambaa cha nyuzi za kiwandani, haiozi. Muulize fundi yeyote. Alilikung'uta mchanga. Akalilaza mezani, akapitisha kiganja kifuani kulinyoosha, kama alivyonyoosha maelfu ya mashati ya watoto wa watu.

Kiganja kikasimama.

Alifuta udongo kwa kidole gumba. Akafuta tena. Vifungo vitatu vilikuwa vyeupe. Cha nne, cha mfukoni, kilikuwa cha kijani.

"Saada," aliita, ingawa Saada alikuwa hapo hapo. "Njoo uone hiki."

"Kifungo," alisema Saada.

"Cha rangi gani?"

"Kijani. Sasa kimefanyaje?"

Eufrasia aliongea taratibu, kama anasoma kitu kilichoandikwa mbali. Alisema asubuhi ile Sixbert alimbeba kutoka kwenye mtumbwi mpaka gatini, na yeye kwa uchungu alimshika shati kwa nguvu, kifungo cha mfukoni kikaruka kikaingia majini. Walipofika wodini akamwambia huendi popote kwa watu ukiwa hivyo. Akang'oa kifungo kwenye sweta ya mtoto, sweta ndogo ya kijani aliyokuwa ameifuma mwenyewe. Nesi mmoja akampa sindano na uzi mweusi. Akamshonea pale pale kitandani, kati ya uchungu mmoja na mwingine, Sixbert ameinama, shati liko mwilini, anamtania kwamba akimchoma atajifungua yeye.

"Ndiyo mara ya mwisho kumgusa," alisema. "Alitoka mlangoni na shati hili. Akaenda kupanda mtumbwi na shati hili."

Aligeuza kifungo. Uzi ulikuwa mweusi.

Jordan, ambaye si mtu wa ziwa, hakuelewa. Saada alikuwa ameshaelewa. Mwiko ulikuwa umeshuka mpaka magotini.

"Baba," alisema Eufrasia, "nguo za kuuvalisha mgomba alitoa nani?"

Mzee alikuwa bado anajifuta macho. Akasema ni mama yake Sixbert, marehemu. Aliingia ndani akazileta.

"Shati alilitoa wapi?"

"Pale pale. Kwenye msumari, nyuma ya mlango." Akavuta kamasi. "Lilikuwa linanuka kama nguo iliyotundikwa mbichi. Nakumbuka kwa sababu..."



Niwapeleke taratibu, hata kama mmeshafika. Sixbert aliondoka hospitali mchana na shati hili mwilini. Tangu siku ile Ng'ambo yote inasema maji yalimchukua akiwa njiani, kabla hajafika. Maji yakimchukua mtu njiani, yanamchukua na shati lake. Hayamvui, hayavuki bandari kwenda kulitundika nyuma ya mlango.

Mtu aliyelitundika lile shati alifika nyumbani. Alifika amelowa, akalivua, akapapasa ukuta kutafuta msumari kama alivyozoea. Na mama yake aliyelichukua siku saba baadaye akiwa na machozi, mama ambaye kila siku alifagia chumba kile na kufunga mlango ule, hawezi kuwa hakuliona siku zote hizo.

Nje, katekista alikuwa amechoka kungoja. Akaanzisha wimbo, watu wakaupokea, kina mama kwanza, halafu sauti nzito za wanaume. Sauti ya Fausta ilikuwa juu ya zote. Alikuwa ameufanyia mazoezi mwezi mzima.

Eufrasia alipiga magoti sakafuni mbele ya kiroba, uso wake ukawa chini ya uso wa mzee. Shati alikuwa amelishika kwa mikono miwili, kwenye mabega, kama mtu anayempima mteja.

Hakupandisha sauti. Saada, aliyekuwa hatua moja tu, alisema baadaye kwamba ilibidi ainame ndipo asikie.

"Baba, shikamoo," alisema, kana kwamba wanakutana leo. "Sikulaumu kwa mgomba. Mgomba nimeshausamehe. Naomba uniambie hili tu, na sitakuuliza lingine mpaka nakufa. Sixbert alipofika nyumbani akavua shati, alivaa nini akatoka?"

Mzee Ildefonsi aliinama, akaokota kofia yake sakafuni. Akaanza kuipangusa vumbi. Aliipangusa mbele, akaigeuza, akaipangusa nyuma, akaigeuza tena.

Itaendelea wiki ijayo.